Mwongozo kamili: Jinsi ya kuiona ngoma ya usiku ya Furukawa, Japani, bila kuikosa

Kila mwisho wa Aprili napokea ujumbe wa aina moja. Mtu ametoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, amepanda ndege mbili na treni mbili, amefika mji mdogo wa Hida-Furukawa katika mkoa wa Gifu, amepiga picha nzuri za mchana, kisha ameondoka kabla ya Okoshi Daiko kutoka. Okoshi Daiko ni ile ngoma kubwa inayobebwa mitaani usiku, na ndiyo iliyomtoa kwao. Wengine wamefika siku isiyo yake kabisa.

Chanzo ni kimoja. Watu hupanga safari kuanzia uwanja wa ndege, na usiku wa tarehe 19 Aprili unapachikwa mwishoni popote unapoenea. Fanya kinyume: shika usiku huo kwanza, halafu panga kila kitu kurudi nyuma kutoka hapo. Mimi naishi Nagoya, na hatua hizi ndizo ninazowapa ndugu na marafiki wanaokuja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti na viza ya Japani. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanaihitaji kabla ya kusafiri.
- Chumba kilichothibitishwa kwa usiku wa tarehe 19, na ikiwezekana wa tarehe 18 pia.
- Koti zito, soksi nene, kofia na glavu. Furukawa iko bondeni katikati ya milima, na usiku wa Aprili baridi hushuka hadi karibu na nyuzi 3 au 4.
- Viatu vilivyofungwa, visivyoteleza, ambavyo unaweza kuvivua upesi mlangoni.
- Soksi safi za akiba. Utavua viatu mbele za watu, na soksi iliyotoboka itakuaibisha.
- Pesa taslimu za yeni. Mimi sishuki pale nikiwa na chini ya 20,000 mfukoni.
- Adapta ya plagi. Chaja zetu za pini tatu za mraba haziingii. Japani hutumia pini mbili bapa na umeme wa volti 100.
- Mfuko wa taka. Mapipa ya barabarani ni adimu, kila mtu hurudi na takataka zake.
- Zawadi ndogo iliyofungwa vizuri. Nitaeleza kwenye hatua ya 7.

Usibebe nyama kavu, soseji wala matunda mabichi kutoka nyumbani. Japani hairuhusu bidhaa za nyama kuingia na mizigo ya abiria bila cheti cha ukaguzi, na adhabu yake ni kali.

## Hatua ya 1: Hakikisha mji na tarehe

Katika eneo la Hida kuna sikukuu mbili za Aprili zinazochanganywa. Ya Takayama, mji mkubwa zaidi, ni tarehe 14 na 15. Ya Furukawa ni tarehe 19 na 20. Miji hii miwili imeachana kama kilomita 15 tu, kwa hiyo matangazo ya watalii huitaja pamoja, na mtu akisoma harakaharaka huona kitu kimoja.

Tarehe hazisogei. Ziwe Jumatatu au Jumapili, ni 19 na 20 Aprili kila mwaka. Ngoma hutoka usiku wa tarehe 19 peke yake. Ukifika tarehe 20 utakuta magari ya sherehe, maandamano na mchezo wa simba, lakini Okoshi Daiko imeshapita.

Kisha saa. Ratiba za Japani huandikwa kwa saa 24: 20:00 ni saa mbili usiku. Katika sherehe na vyombo vya usafiri unaweza kukuta hata 25:00, maana yake saa saba usiku, ikihesabiwa bado kuwa sehemu ya siku iliyotangulia. Andika upya ratiba yote kwa saa za Kiswahili kwenye karatasi moja. Na jambo linalonifurahisha hadi leo: Japani imetangulia Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, kwa hiyo saa ya ukutani kule ikionyesha 2, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala watu wanasema saa mbili. Ukitaka kumpigia mama, soma tu saa iliyo mbele yako, ila kumbuka kama kwao ni mchana au usiku.

Umefaulu ukiwa na karatasi iliyoandikwa: Hida-Furukawa, usiku wa tarehe 19, saa mbili usiku hadi baada ya saa sita.

## Hatua ya 2: Pata pa kulala kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo wengi huanguka. Furukawa ina nyumba chache za wageni, na familia zinazorudi nyumbani kwa sikukuu hujaza nyingi mapema. Mgeni hukosa chumba, analala Takayama, jioni anaanza kutazama saa, na anapanda treni ya mwisho wakati ngoma ndiyo kwanza inainuliwa.

Anza kutafuta chumba miezi sita kabla. Fuata mpangilio huu:

1. Nyumba ya wageni ndani ya Furukawa, umbali wa kutembea. Tafuta maneno mawili: *ryokan*, yaani nyumba ya wageni ya jadi, na *minshuku*, ambayo ni ndogo na huendeshwa na familia. Utalala kwenye godoro la kutandika juu ya mikeka ya *tatami*.
2. Ukikosa, Takayama, lakini kwa sharti moja: ujue utarudije baada ya saa sita usiku. Miaka mingine huwekwa treni za ziada usiku wa sikukuu. Uliza stesheni yenyewe mara ushukapo, usitegemee ratiba ya mwaka jana.
3. Teksi ni ya dharura tu. Ziko chache, na usiku huo kila mtu anazitaka. Mwombe mwenye hoteli akuwekee nafasi siku moja kabla.

Mwenye nyumba anahitaji kujua mambo mawili mapema: utarudi usiku wa manane, na kuna vyakula usivyokula. Nyumba nyingi hufunga mlango mapema, na chakula cha jioni huandaliwa kwa saa maalumu, mara nyingi saa kumi na mbili jioni. Usipokuwepo, chakula kitapoa na mpishi atahuzunika.

## Hatua ya 3: Viza

Omba kwenye ubalozi wa Japani nchini kwako. Viza ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo kuomba Desemba kwa safari ya Aprili ni kuichoma bure. Peleka maombi kati ya katikati ya Februari na katikati ya Machi.

Utatakiwa ratiba ya safari siku kwa siku, taarifa ya benki, barua ya kazi au biashara, na uthibitisho wa nafasi ya ndege. Weka nafasi, lakini usilipie tiketi kabla viza haijatoka. Kwenye ratiba taja sikukuu kwa jina na tarehe zake: «19–20 Aprili, Hida-Furukawa, Furukawa Matsuri». Ratiba yenye sababu inayoeleweka husomeka vizuri kuliko ile iliyoandikwa «kutembea» siku kumi mfululizo.

## Hatua ya 4: Fika kwa treni, na ukae behewa lililo sahihi

Ukiweza kuchagua, shukia uwanja wa ndege wa Chubu Centrair, karibu na Nagoya. Ukishukia Tokyo, panda treni ya kasi, Shinkansen, hadi Nagoya, kama saa moja na dakika 40. Kutoka Nagoya panda treni ya haraka iitwayo Hida. Takayama ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, na Furukawa ni dakika 15 hadi 20 mbele yake.

Mambo matatu huwasumbua wageni kwenye treni hii:

Viti vinatazama nyuma. Treni ikitoka Nagoya utaona unasafiri kinyumenyume. Usihame. Ikifika stesheni ya Gifu inageuza mwelekeo, na kuanzia hapo unatazama mbele.

Si mabehewa yote yanayofika Furukawa. Safari nyingi huishia Takayama. Hata zile zinazoendelea hadi Toyama, baadhi ya mabehewa hukatwa na kubaki Takayama. Unaponunua tiketi sema wazi «Hida-Furukawa», kisha ukae kwenye kiti na namba ya behewa iliyoandikwa. Ukishuka Takayama kwa bahati mbaya, subiri treni ya kawaida, si janga.

Usitegemee kadi ya kugusa. Kadi unazotumia kwenye treni za Tokyo zinaweza zisikubaliwe kwenye stesheni ndogo za milimani. Nunua tiketi ya karatasi hadi mwisho wa safari na uitunze, utaihitaji kutokea getini.

Toa pesa Nagoya au Takayama. Mashine zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven na zile za posta hukubali kadi nyingi za Visa na Mastercard za kwetu. Ijulishe benki yako kabla ya kuondoka, la sivyo itafunga kadi kwa kudhani umeibiwa.

Umefaulu ukiwa umeshuka Furukawa kabla ya adhuhuri ya tarehe 19, begi liko kwenye nyumba ya wageni, na mikono iko mitupu.

## Hatua ya 5: Mchana, tembea njia ya usiku

Usikae chumbani kupumzika kwanza. Mji ni mdogo, saa moja na nusu inatosha kuuzunguka kwa miguu. Pita kando ya mfereji wa Seto, wenye kuta nyeupe za maghala upande mmoja na samaki wakubwa wa rangi ndani ya maji. Kisha fanya kazi yenyewe: fuata mitaa ambayo ngoma itapita. Ramani ya njia hupatikana kwenye dawati la wageni karibu na stesheni.

Unatafuta vitu viwili: sehemu ya barabara iliyonyooka ambapo utakuwa na ukuta mgongoni, na midomo ya vichochoro vyote vilivyo karibu nayo. Weka alama kila kichochoro. Sababu yake utaiona hatua inayofuata.

Neno moja la kukuokoa: magari ya mbao ya sherehe hapa huitwa *yatai*. Kwingine Japani neno hilohilo ni kibanda cha kuuza chakula. Ukiuliza tu «yatai wapi?» mtu mwema anaweza kukupeleka kwenye mishikaki. Sema *matsuri no yatai*, yaani yatai za sikukuu.

Kula mapema, saa kumi jioni. Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe, tahadhari: supu na michuzi mingi ina *mirin*, divai tamu ya mchele, na hata baadhi ya sosi za soya zina kilevi. Wali wa kufinyanga, *onigiri*, wa dukani wenye plamu chachu au samaki ni salama zaidi, ila soma kifungashio kwa programu ya kutafsiri kwa kamera. Usishtuke ukiona neno *sake* kwenye onigiri: hapo ni samaki aina ya salmoni, si pombe.

## Hatua ya 6: Usiku wa ngoma

Fika uwanja wa sherehe, karibu na jumba la maonyesho ya matsuri, saa moja na nusu usiku. Sherehe ya ufunguzi huanza kama saa mbili. Ngoma yenyewe huondoka karibu saa tatu na nusu. Saa kamili itazame kwenye ratiba ya mwaka huo.

Elewa unachokiona, maana bila hivyo ni fujo tu.

Ngoma kubwa imefungwa juu ya jukwaa la mbao linalobebwa na wanaume wengi. Juu yake wamekaa wanaume wawili, mgongo kwa mgongo, wamefungwa pamoja kwa kitambaa cheupe ili wasianguke. Kila mmoja ananyanyua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili na kuishusha kwa zamu. Pigo moja. Kimya. Pigo la pili. Wamevaa kitambaa cha *sarashi* kiunoni na kidogo sana zaidi ya hapo, na kwenye baridi ile mvuke unawatoka mabegani. Mbele yao wanatangulia mamia ya watu wenye taa za karatasi za duara.

Vikundi 12 vya mitaa vinasubiri gizani, kila kimoja na ngoma ndogo iliyofungwa kwenye mti mrefu. Hizo huitwa *tsuke-daiko*. Kazi yao ni kuchomoka kutoka vichochoroni na kuivamia ngoma kubwa kwa nyuma, maana kuwa karibu nayo kuliko wengine ni heshima ya mtaa mzima. Nyuma ya ngoma kubwa kuna walinzi wa kuwazuia. Hapo watu husukumana kwelikweli. Tabia hii ya wanaume wa Furukawa ina jina lake, *Furukawa yancha*, ukaidi wenye moyo, na wenyeji hulitamka kwa fahari.

Onyo kubwa: usisimame kwenye mdomo wa kichochoro. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua kona kwa sababu ilikuwa tupu na ina nafasi nzuri ya picha. Ilikuwa tupu kwa sababu. Nilisikia miguu kabla ya kuona mtu. Mzee mmoja alinishika mkono wa koti na kunivuta nyuma ya nguzo, na mti wenye ngoma ukapita pale pale nilipokuwa nimeweka mguu. Hakusema neno, alinyoosha kidole ukutani, nami nikaegemea ukuta hadi mwisho. Ukiona nafasi tupu katika umati ule, jiulize wenyeji wanajua nini.

Kanuni nyingine za usiku:

- Watoto wakae nyuma ya watu wazima, ukutani. Mtoto wa kubebwa mgongoni abaki ndani.
- Zima mwanga wa kamera. Unampofusha aliyebeba uzito gizani.
- Usitumie fimbo ya simu, wala kigari cha mtoto, wala kamera ya miguu mitatu.
- Mlinzi akinyoosha mkono, rudi nyuma mara moja. Kuuliza sababu ni baadaye.
- Mkiwa wengi, kubalianeni mahali pa kukutana. Mkipoteana, msitafutane ndani ya umati.
- Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi ni 110.

Kabla ngoma haijaondoka, vijana hupanda juu ya ile miti ya ngoma ndogo iliyosimamishwa wima, wakalala kwa tumbo kwenye ncha, mikono na miguu hewani kama kereng'ende. Wengi huondoka kwenda kushika nafasi barabarani na kuikosa sehemu hii. Iangalie kwanza. Njia ni ndefu, ngoma itakufikia.

Umefaulu kama umeisikia ngoma kifuani kabla ya kuiona, na imepita mbele yako ukiwa umesimama palepale ulipopachagua mchana.

## Hatua ya 7: Ukikaribishwa ndani

Siku za sikukuu familia za Furukawa hufungua nyumba na kulisha wageni. Desturi hiyo huitwa *yobihiki*. Usiitegemee, na usiingie nyumba ambayo hukuitwa, lakini ukikaribishwa usikatae kwa haya.

Mlangoni sema *gomen kudasai*. Ndiyo hodi yao. Ukiingia sema *ojama shimasu*. Vua viatu, vigeuze vitazame nje, na usikanyage sakafu ya chini kwa soksi. Toa zawadi kwa mikono miwili. Zawadi ninayoipendekeza ni kahawa ya Tanzania iliyokaangwa: Wajapani wanaifahamu sana kahawa ya Kilimanjaro kwa jina hilo, na mzee wa nyumba atafurahi kuipokea kutoka kwa mtu aliyetoka karibu na mlima wenyewe.

Watakumiminia pombe. Asiyekunywa afunike kikombe kwa kiganja na kusema *nomemasen*, siwezi kunywa. Hakuna atakayekulazimisha, utaletewa chai. Kwa nguruwe sema *butaniku wa tabemasen*. Kaa nusu saa, shukuru, ondoka. Wenye nyumba wana wageni wengine mlangoni.

Wanaouliza kuhusu ibada: hii ni sikukuu ya hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Japani, na *mikoshi*, kihekalu kinachobebwa begani, ni kitu kitakatifu kwao. Mgeni hatakiwi kuomba. Simama kando, nyamaza kinapopita, na usikitazame kutoka ghorofani, kwani kwa desturi yao hilo ni utovu wa adabu.

## Hatua ya 8: Asubuhi ya tarehe 20, usikimbilie treni

Utakuwa umelala kwa muda wa saa nne tu. Amka hata hivyo. Yale magari tisa ya mbao, yenye rangi ya laki, dhahabu na mapazia ya kufumwa, huvutwa mitaani mchana, na kwa mwanga wa jua ndipo utaona kazi ya mafundi wa Hida. Mawili kati yao, Seiryutai na Kirintai, yana vikaragosi vinavyochezeshwa kwa nyuzi. Kwenye jingine watoto hucheza kabuki, mchezo wa kuigiza wa jadi. Tazama mikono ya wanaovuta nyuzi pia.

Usiguse. Jasho la kidole huharibu laki. Mvua ikinyesha magari hubaki kwenye maghala yao marefu, na milango hufunguliwa uyaone ndani. Nenda hukohuko, usirudi hotelini umenuna.

Panga treni ya kuondoka alasiri ya tarehe 20, si asubuhi. Ukipita tena mitaa ya jana utakuta wanaume walewale waliokuwa karibu uchi gizani sasa wamevaa mavazi rasmi ya maandamano, sauti zimewakauka, wanainamiana kwa salamu. Wakikuinamia, inama.